Samaki wakifa alfajiri, tusikimbilie kusema ni sumu

Mhariri,

Samaki wakionekana wanaelea bwawani, neno la kwanza midomoni mwa watu ni sumu. Huenda ikawa kweli, lakini kwanza tuulize: wamekufa saa ngapi, na ni wakubwa au wadogo?

Maji yaliyogeuka kijani yamejaa mwani, vijimea vidogo mno vinavyoelea majini. Mchana mwani hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni, nao samaki hufaidika. Jua likizama kazi hiyo husimama, ila kupumua hakusimami: mwani wenyewe, samaki na bakteria wa kwenye tope wote wanavuta kutoka akiba ileile ya oksijeni. Mnamo saa 11 alfajiri akiba huwa imefika chini kabisa. Joto huongeza shida, kwani maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 kama 7.5 tu. Samaki hupanda juu, midomo wazi, wakitwetea. Wakubwa hutangulia kufa. Sumu haingoji alfajiri, na mara nyingi huanza na wadogo.

Kinachonisikitisha ni tiba ya pupa. Mtu humwaga dawa ya kuua mwani wote kwa mpigo. Mwani uliokufa huzama, bakteria huuozesha, na kuozesha huko hula oksijeni iliyobaki. Waliosalia nao wanakwisha.

Asubuhi hiyo acha kulisha, usitie samadi, opoa mizoga, kisha ingiza maji safi yakidondoka kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Kipimo cha kuonya mapema ni rahisi. Chukua kisahani cha kipenyo cha sentimita 20, kigawe robo nne, uzipake nyeusi na nyeupe kwa kupokezana. Kifunge kamba yenye alama na ukishushe mchana hadi kipotee machoni. Kikipotea kabla ya sentimita 20 na maji ni ya kijani, hatari iko karibu, hasa mawingu yakitanda siku kadhaa mfululizo. Maji ya kahawia ni habari nyingine: hapo unapima matope.

Chanzo cha mwani kujaa mara nyingi kiko juu ya mteremko. Fosforasi ya mbolea, kirutubisho kinachostawisha mwani, hushikamana na chembe za udongo, na mvua ikiosha shamba lililo tupu vyote huteremka pamoja. Ukanda wa nyasi nene kati ya shamba na maji hupunguza mwendo wa maji na udongo ukatua humo. Wanaofyeka kingo za bwawa ili lipendeze wanaondoa chujio hilo.

Msomaji wako