Mwenye wasiwasi msimchape na mstari mmoja, msomeeni sura nzima

Mhariri, habari za kazi na poleni na majukumu. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, kuna jambo limenikaa moyoni muda sasa na naona tunaloishi nalo makanisani bila kulisema. Ni hili la wasiwasi, zile hofu na mawazo yasiyoisha ambayo siku hizi watu wanaita stresi, na jinsi sisi waumini tunavyowajibu wenzetu wanaosumbuliwa nayo.

Mtu akijitokeza akasema jamani mimi silali, moyo unanienda mbio, kila simu ikiita naogopa ni habari mbaya, jibu ni lile lile. Biblia imesema msijisumbue, sasa wewe imani yako iko wapi? Basi, maongezi yameishia hapo. Nimemwona mama mmoja kwenye ibada ya nyumbani, zamu ya mahitaji ya maombi ilipomfikia akasema anaamka saa nane usiku viganja vimelowa jasho anaanza kupiga hesabu za madeni na ada za watoto mpaka kunakucha, kiongozi akamkatisha pale pale, mama huo ni woga na woga ni dhambi, tubu kwanza. Yule mama akaitikia amina. Toka siku hiyo zamu ikimfikia anasema "mimi niko salama namshukuru Mungu" huku anaangalia chini, na sisi wote tunajua hayuko salama ila tunapita kwa mwingine.

Hilo ndo limenifanya niandike. Maana huo mstari tunaowachapia watu, Wafilipi 4:6, ukisomwa wote hausemi tunachousemesha. Kwanza aliyeuandika alikuwa amefungwa. Paulo yuko kwenye minyororo, hajui kama atatoka au atauawa, na sura ya kwanza anasema wazi kwamba yote mawili yanawezekana. Alafu sura ya pili anaeleza habari za Epafrodito, yule ndugu aliyemletea msaada kutoka Filipi, kwamba aliugua karibu na kufa, na anasema anamrudisha upesi kwao ili wao wafurahi na yeye Paulo apunguziwe huzuni yake. Yani mtu huyo huyo anayesema msijisumbue anakiri ana huzuni inayohitaji kupunguzwa. Na kwa Wakorintho alishasema "nje palikuwa na vita, ndani hofu", na kilichomfariji ni kufika kwa Tito. Kumbe hata mtume alihitaji mwenzake aje.

Sasa mstari wenyewe: "Msijisumbue kwa neno lo lote; bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Wengi wetu tunaishia kwenye lile neno la kwanza tunafunga Biblia. Lakini Paulo anaendelea anatuambia cha kufanya na hiyo hofu, upeleke kila jambo, ulitaje, lijulikane. Yule mama alikuwa anafanya hicho hicho alivyotaja madeni na ada, alikuwa anatii mstari, sisi ndo tukamnyamazisha. Na kabla ya hapo, mwisho wa mstari wa tano, kuna maneno mafupi sana ambayo watu wanayaruka, "Bwana yu karibu." Mtu anaambiwa asijisumbue kwa sababu kuna aliye karibu naye, ndo msingi wenyewe huo.

Mimi naamini maombi ya wasiwasi yanatakiwa yawe na majina ndani yake. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema "Mungu niondolee hofu" na kusema "Baba, kesho asubuhi naenda kuchukua majibu ya vipimo na naogopa kufa niache wanangu". La kwanza linaelea tu, la pili limeshika kitu. Ukiweza chukua karatasi usiku ule ule uandike kinachokukimbiza, kimoja kimoja, kisha uombe kimoja kimoja, na kila kimoja utafute hata kitu kidogo cha kushukuru kilicho karibu nacho, maana kushukuru kumo kwenye mstari ule ule na kunasaidia mawazo yasizunguke pale pale. Na ahadi iliyofuata mstari wa 7 ni amani ya Mungu kuhifadhi mioyo na nia zetu. Haikuahidi kwamba deni litakuwa limelipwa asubuhi. Hapa tuwe wakweli kwa watu, tusiwaahidi ambacho andiko halijasema.

Kwenye Mathayo 6 pia Bwana Yesu anapozungumza habari za chakula na mavazi hasemi kwamba hayo mahitaji ni upuuzi, anasema Baba yenu wa mbinguni anajua ya kuwa mnahitaji hayo yote. Halafu anatupunguzia mzigo, ya kesho yaachwe kesho, "yatosha kwa siku maovu yake". Ni kama ile mana, chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani kwenye Kutoka 16, waliokusanya wakaiweka mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka, Mungu alikuwa anawafundisha kula ya leo. Na kwenye Sala ya Bwana tunaomba riziki ya leo, hatuombi ya miaka kumi. Sisemi mtu asipange, kupanga ni akili na Mithali imejaa habari za kupanga, ila kuna kupanga na kuna kulala umebeba mwezi mzima kichwani, na hivyo viwili kila mtu anavijua ndani yake. Na simu jamani, simu usiku wa manane inaleta kesho na keshokutwa kitandani, iwekeni mbali.

Lakini andiko ninalotamani lihubiriwe zaidi ni la Eliya, 1 Wafalme 19. Huyu ametoka kuona moto wa Mungu ukishuka mlima Karmeli, imani gani tena unataka, na bado meseji moja tu ya malkia Yezebeli aliyeapa kumwua imemfanya akimbie kuiokoa nafsi yake. Anafika jangwani anakaa chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, anamwambia Mungu yatosha, niondolee roho yangu. Nabii mzima anaomba kufa! Angalieni Mungu alivyomhudumia. Hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika akamgusa akasema "Inuka, ule", kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake, akala akanywa akalala tena, malaika akarudi mara ya pili akamwambia ale tena "maana safari hii ni kubwa mno kwako". Usingizi, chakula, maji, kuguswa, na neno la kukubali kwamba kweli safari ni kubwa. Mazungumzo ya kiroho na ile sauti ndogo ya utulivu vilikuja baadaye, baada ya siku 40 za kutembea mpaka Horebu, mlima wa Mungu, na hata huko Mungu alianza kwa kumuuliza "unafanya nini hapa, Eliya?" akamsikiliza, kisha akampa kazi na akamwonyesha Elisha wa kushirikiana naye. Sisi tunaanza na mahubiri mtu hajala wala hajalala.

Na Bwana mwenyewe kule Gethsemane alisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawachukua Petro na wale wana wawili wa Zebedayo akawaomba wakeshe pamoja naye. Hakuficha. Sasa mimi na wewe tunamwambiaje ndugu yetu kwamba kukiri hofu ni kukosa imani? Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne na bado ni andiko takatifu tunalolisoma.

Hata kwenye historia ya kanisa yapo. Charles Spurgeon, mhubiri maarufu wa London aliyefariki 1892, alisumbuliwa na huzuni nzito muda mrefu wa maisha yake, hasa baada ya Oktoba 1856 ambapo mtu alipiga kelele za uongo kwamba kuna moto ibadani, watu wakakanyagana, saba wakafa. Alilisema hilo waziwazi mbele ya washirika wake, na aliendelea kuhubiri.

Jambo lingine niliseme haraka maana lina madhara. Mtu mwenye moyo kwenda mbio na kutetemeka asiambiwe moja kwa moja ana pepo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo kudunda, kutetemeka, kukosa usingizi na wasiwasi, upungufu wa damu nao unafanya moyo ukimbie, ni vitu vya kupimwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wanaishi na matatizo ya wasiwasi kiwango cha ugonjwa, na yapo matibabu, ya ushauri na ya dawa. Luka alikuwa tabibu na Paulo anamwita mpendwa, Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, kwahiyo kwenda kwa daktari wakati unaomba hakuondoi imani yoyote. Na aliyefika hatua ya Eliya, anasema bora afe, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, kaeni naye na mumpeleke hospitali.

Ombi langu kwa wachungaji na viongozi wa vikundi: zamu ya maombi ikifika mwacheni mtu amalize kusema. Msikimbilie kumjibu. Mithali 12:25 inasema uzito katika moyo wa mtu huuinamisha, bali neno jema huufurahisha, na neno jema laweza kuwa tu "pole mama, nitakupigia saa nane ukiamka tuombe wote", kisha umpigie kweli. Kama kuna hela mchangieni ile ada, maana Wafilipi hao hao walisifiwa kwenye sura ile ile ya 4 kwa kushiriki dhiki ya Paulo, na walishiriki kwa kumtumia msaada.

Nawe Mhariri, kwenye ukurasa wa dini muwe mnamwalika mshauri nasaha pamoja na mchungaji wajibu maswali ya wasomaji juu ya hili, wengi hawana pa kuuliza na wanaogopa kuuliza kanisani kwao.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.