Eksirei ya mgongo wa Imani

Mama Imani shoga yangu, poleni na hongereni kwa homa kushuka. Voisi yako nimeisikiliza niko zamu, wagonjwa foleni, bas nikaona nikuandikie tu.

Hilo swali lako kama ugonjwa na dawa vinaweza kuidhoofisha mifupa ya Imani, mi nashangaa kwa nini hamkuambiwa mapema. Lukemia, hiyo saratani ya damu, yenyewe inaudhoofisha mfupa kutokea ndani, seli mbovu zinajazana kwenye uboho, af juu yake mtoto anakunywa steroidi, yaani deksamethasoni au prednisoloni, ambazo kweli zinaua ugonjwa ila zinazuia mfupa usijijenge, na mtoto mwenyewe kutwa kalala hachezi. Kanada waliwafuatilia watoto 188 wenye lukemia kama ya Imani kwa miaka 6, kama theluthi yao pingili za mgongo, vile vifupa vya uti wa mgongo, zilibonyea, na huko ndo kuvunjika kwenyewe. Na unajua nini kilikuwa kinaonyesha mapema nani atavunjika tena? Ile pingili iliyokuwa imeshabonyea tangu anagundulika, kabla dawa hazijafanya lolote. Na wengine wala hawakuwa wanalia mgongo!

Kwaiyo usisubiri aseme anaumwa. Mwombe daktari wake eksirei ya mgongo ya ubavu, yaani inayopigwa kutokea pembeni, ya kawaida tu hiyo. Sisitiza ubavu, maana ya mbele pingili iliyobonyea inaweza ikakupita hivihivi. Kwa ubavu unaziona zimepangana kama viberiti, nzima kimo chake ni kilekile mbele na nyuma, mbovu imeshuka upande wa mbele, na mara nyingi ni zile za katikati ya mgongo au pale mgongo unapoanza kuingia kiunoni. Kipimo cha DEXA, kile cha kupima uimara wa mifupa, kikiwepo sawa afanyiwe, ila majibu yakija mazuri usilale, kuna watoto wamevunjika na namba zao ziko vizuri tu.

Alafu nisikilize dada, usije ukampunguzia steroidi kimyakimya kisa mifupa. Hiyo ndo inamweka hai. Na zile sindano za kuimarisha mifupa wanazotajana kwenye grupu daktari ndo anaamua, si wewe wala jirani, hata vidonge vya kalsiamu muulize kwanza. We mpe maziwa na dagaa akiweza kula, mtoe nje akitembee kidogo siku ana nguvu, kuruka kitandani na kubebwa mgongoni na kaka zake ndo mkataze kwanza mpaka picha isomwe.

Miaka 4 ya Imani ni umri mzuri, wallahi sikudanganyi. Wale wa Kanada wengi waliovunjika pingili zao zilijirudia umbo zenyewe walivyoendelea kukua, waliobaki nazo vilevile wengi ni wale wakubwa au waliobonyea sana.

Ukiipata hiyo picha iweke dirishani kwenye mwanga, zima flashi, nipigie niione kabla hamjarudi kliniki. Msalimie baba Imani, mwambie ile hela ya nauli ntatuma Ijumaa.