Ngurumo iliyomo ndani ya "astonish"

Dodoma, Desemba

Mwalimu Yohana, rafiki yangu,

Shikamoo kwa mama hapo Kongwa. Swali la kidato cha tatu, neno la Kiingereza "astonish" (kushangaza mno) limetoka wapi, limenifurahisha sana. Ni watoto wachache wanaouliza neno limetoka wapi.

"Astonish" limetoka kwenye ngurumo. Mzizi wake ni wa Kilatini, "tonare", yaani kunguruma kwa radi. Kilatini cha mitaani kikaongeza "ex" mbele yake, Kifaransa cha kale kikapata "estoner", kumpiga mtu mpaka apoteze fahamu. Waingereza wakalichukua, na ile "-ish" ya mwisho ikabandikwa karne ya 16 kwa kuiga vitenzi kama "finish". Ndiyo maana zamani hata aliyezirai kwa kupigwa rungu aliweza kuelezwa kwa neno hili. "Stun" na "astound" ni ndugu zake wa damu. Kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611, Danieli 3:24, utakuta umbo la kale, "astonied", pale Nebukadreza anapowaona watu wakitembea motoni.

Darasani usianzie kwenye kamusi. Mvua zimeshaanza, kwa hiyo waulize radi ikipasuka juu ya bati mtu huwaje. Anaganda kwanza, kuuliza na kupiga kelele huja baadaye. Huko kuganda ndiyo maana yenyewe, na "kupigwa na butwaa" kunaibeba vizuri kuliko "kushangaa". "Surprise" ni jepesi zaidi: limetoka kwa Wafaransa, kukamata mtu kwa ghafla, na kwa Kiingereza lilianzia kwenye mashambulizi ya vita. Siku hizi hata mgeni akifika Jumanne badala ya Jumatano linatosha.

Kosa utakalolikuta kwenye madaftari karibu yote ni "I am astonishing". Mwanafunzi anataka kusema ameshangaa, anaandika kwamba yeye ndiye anayeshangaza watu. Waandikie ubaoni: anayeshangaa, "-ed", kinachoshangaza, "-ing". Kisha wape vifuatio: "astonished at" au "by" kabla ya nomino, "to see" kabla ya tendo. "Very astonished" wakate, maana neno lenyewe tayari limefika kileleni. "Absolutely" linakaa vizuri.

Mkazo uwe kwenye silabi ya pili, "TO". Wengi huuweka mwishoni, kwenye "nish".

Niandikie wakishafanya zoezi.

Wako,
Neema