Mwongozo wa majeruhi wa kichwa utoke kabatini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuwasemee majeruhi wa kichwa wanaofikishwa hospitalini wakiwa hawajitambui, wengi wao vijana wa bodaboda na abiria wao. Kila suala hili linapozungumzwa, kilio ni kilekile: mashine za CT skani za kupiga picha ya ndani ya kichwa hazitoshi, vitanda vya wagonjwa mahututi havitoshi, madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo ni wa kuhesabu. Ni kweli tupu. Lakini ubongo uliokwisha kuumia humalizwa zaidi na mambo mawili ambayo hata hospitali ya wilaya inaweza kuanza kuyazuia usiku huuhuu: presha kushuka na oksijeni kupungua.

Mwongozo wa Brain Trauma Foundation ya Marekani, toleo la nne la mwaka 2016, unataja namba waziwazi. Mgonjwa wa miaka 15 hadi 49, na yule aliyevuka 70, namba ya juu ya presha yake isiwe chini ya 110. Wa miaka 50 hadi 69 isiwe chini ya 100. Wengi wetu tulifundishwa kushtuka ikifika 90, ndiyo maana kijana mwenye 96 kwa 60 huandikiwa "presha nzuri" na faili likafungwa. Kwake yeye si nzuri hata kidogo. Ubongo ukivimba ndani ya fuvu, damu huhitaji nguvu zaidi kuingia, na presha ikilegea haiingii ya kutosha. Tunapendekeza mstari wa 110 uchorwe kwa wino mwekundu kwenye karatasi yenyewe ya kufuatilia mgonjwa, na muuguzi wa zamu awe na ruhusa ya maandishi kuanza dripu ya chumvi ya 0.9% mara presha inaposhuka chini ya mstari huo, huku daktari akiitwa. Dripu ya glukosi 5% isitundikwe kuongeza presha, kwani maji yake huishia kuuvimbisha ubongo. Na presha ikiwa chini kwa mtu mzima, jeraha la kichwa lisilaumiwe peke yake: apimwe kifua, tumbo, nyonga na mapaja, kwa kuwa kuna damu inayovuja mahali.

Kiwango cha oksijeni katika damu nacho kisiteremke chini ya 90%, na lengo liwe 94% kwenda juu. Inapopotea mara nyingi ni njiani, mgonjwa anapopelekwa kwenye picha au anapopewa rufaa. Mtungi mdogo wa kusafirishia wa lita 680, ukifunguliwa lita 15 kwa dakika, huisha kwa dakika 45. Ukiwa nusu, ni dakika 22. Foleni ya picha peke yake yaweza kuzila hizo, achilia mbali safari ya saa tatu kwenda hospitali ya kanda. Hesabu hii ifanywe kabla kitanda hakijasukumwa, na anayesindikiza awe anajua kutumia mfuko wa kupumulisha. Kipimo cha kidoleni pia hudanganya kidole kikiwa cha baridi, kina damu iliyokauka au rangi ya kucha. Futa, pasha joto, pima tena.

Kuinua kichwa nyuzi 30 hakugharimu chochote, ila kila mtu hukadiria kwa macho. Pima kwa futi kamba: egemeo la kitanda likiwa na urefu wa sentimita 70, ncha yake ikipanda sentimita 35, hapo ndipo nyuzi 30. Kama uti wa mgongo haujathibitishwa kuwa salama, usimkunje mgonjwa. Inamisha kitanda kizima. Halafu tazama shingo. Kola ya kukinga shingo iliyobana, au bandeji ya kushikilia mrija wa kupumulia iliyozungushwa shingoni kwa nguvu, huzuia damu kurudi kutoka kichwani na shinikizo ndani ya fuvu hupanda.

Kwenye dawa tatizo ni mazoea. Manitoli, dripu ya kupunguza shinikizo ndani ya fuvu, huandikwa kila baada ya saa sita kwa kila asiyejitambua, hata mwenye presha ya chini, wakati dawa hii hukamua maji mwilini kwa njia ya mkojo na kuishusha presha zaidi. Iwekwe kwa mwenye dalili za ubongo kubanwa, kama mboni moja kutanuka, kwa gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 akipewa nusu gramu kwa kilo, ni mililita 175 za manitoli ya 20%, mrija wa mkojo ukiwa umeshawekwa. Chupa ikaguliwe kwenye mwanga kama ina chembechembe. Ama deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, iachwe. Utafiti mkubwa wa CRASH wa mwaka 2004, wenye wagonjwa 10,008, ulitumia dawa ya jamii hiyohiyo. Ndani ya wiki mbili walikufa 21.1% ya walioipata, dhidi ya 17.9% ya wasioipata.

Kipimo cha fahamu cha Glasgow nacho kiandikwe kwa sehemu zake tatu, macho, sauti na mwendo wa viungo. "9/15" peke yake haimwambii wa zamu inayofuata kilichobadilika. Harufu ya pombe isiwe sababu ya kuacha kupima. Pima na sukari pia.

Wapo watakaosema bila mashine ya kupima shinikizo la ndani ya fuvu mwongozo haufuatiki. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Bolivia na Ecuador kwa wagonjwa 324. Waliotibiwa kwa kuangaliwa dalili na picha, kwa utaratibu ulioandikwa, hawakupata matokeo mabaya kuliko waliowekewa kipimo hicho. Vyumba vya mahututi na CT skani walikuwa navyo, hilo tusilifiche, lakini vikundi vyote viwili vilifuata utaratibu ulioandikwa.

Tunaziomba hospitali zianze na jambo moja. Kila mwezi wachukue mafaili kumi ya majeruhi hawa, wahesabu mara ngapi presha ilishuka chini ya mstari na dakika ngapi zilipita kabla mtu hajachukua hatua. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani kwenye chumba cha wauguzi, bila jina la mtu, na ya mwezi unaofuata ibandikwe kando yake.

Madaktari na wauguzi wa dharura,
Dodoma