Kushiba sio kwamba hajanyimwa kitu

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila tukiongelea watu waliokosa, tunahesabu bati, godoro na milo kwa siku, basi. Hesabu siikatai, ule utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 ya Watanzania wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, hilo sio la kuchezea. Ila kuna watoto hawamo kabisa kwenye hesabu hiyo na bado wamenyimwa, wamenyimwa mtu wao wa kukaa nao.

Angalia Romania. Mwaka 1966 mtawala wao Ceaușescu alipiga marufuku kutoa mimba akitaka watu waongezeke, watu wakazaa kuliko uwezo wao na watoto wakarundikwa kwenye vituo vya serikali. Alipoangushwa 1989 wageni walioingia humo wakakuta watoto wanajitikisa mbele nyuma vitandani, kimya, maana walishajua hata ukilia hakuna anayekuja. Mwaka 2000 watafiti kutoka Marekani wakachukua watoto 136 wa vituo vya Bucharest, nusu wakapelekwa kwenye familia kwa kura, na hao wakawa na nafuu kubwa kuliko waliobaki, hasa waliotoka kabla ya kufikisha miaka miwili.

Sisi hatuna Ceaușescu, ila tulikuwa na bweni la darasa la kwanza, tena tukalilipia ada. Waraka wa Kamishna wa Elimu wa 2023 ulizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, wazazi wakalalamika kweli kweli, mimi nilishangilia. Nilishaenda siku ya kutembelea watoto kwenye shule moja, kadogo kamefunguliwa kuku na chipsi na juisi ya boksi, mama yuko bize anapiga picha za status, kalipobanwa mkojo kakampita mama yake hapo hapo kakakimbilia matroni kafunguliwe kifungo cha suruali. Mama akacheka eti kameshakuwa kakubwa.

Lakini na nyie mnaosema "masikini ila wana upendo" hebu acheni hizo. Mama muuza mboga anatoka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo, anarudi usiku miguu imevimba, mtoto wa mwaka mmoja ameshinda na dada yake wa miaka minane ambaye naye alitakiwa awe darasani, sasa upendo upo, tena mwingi, muda ndio haupo na muda wa kukaa na mtoto ni hela. Kwa hiyo huyu mtoto kakosa vyote viwili kwa mpigo, hela na mtu wa kukaa naye, na cha pili kimeletwa na cha kwanza.

Waraka ulimgusa mwenye ada tu. Halmashauri zinajenga masoko mapya, kuna parking, kuna ATM, kuna ofisi ya ushuru ndio usiseme, ila chumba cha kulelea watoto wa wanaolipa huo ushuru hakimo kwenye ramani. Wahusika watujibu humu humu gazetini, kinashindikana nini?

Msomaji wenu,
Morogoro