Daftari la Mangi

Unga Limited, Arusha
Jumapili jioni

Baba Neema, ndugu yangu,

Salaam nyingi. Mama Neema na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila baridi ya Julai unaijua.

Ile 30,000 ya sare za Neema nilituma kwa moyo mweupe na siidai. Ila tangu siku ile kuna jambo limenikaa rohoni, na kwenye simu tungelimaliza kwa vicheko tu. Ni fegi, hizo sigara unazovuta.

Unakumbuka nilivyokuwa navuta tulipokuwa saiti pamoja. Pakiti sikununua hata siku moja. Nani ana hela hiyo asubuhi, kibarua hakijalipwa? Nilichukua mojamoja dukani kwa Mangi, mia mbili, nawashia palepale kwa kile kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba kwenye nondo za dirisha. Mia mbili haiumi. Na mfuko ukiwa mtupu, Mangi anaandika.

Siku moja akaniita tufunge hesabu. Akafungua daftari: unga kilo mbili, sabuni, mafuta ya kupima, kisha fegi, fegi, fegi mbili, fegi, mpaka chini ya ukurasa. Unga uliandikwa mara tatu tu. Nyuma yangu mama mmoja anasubiri nyanya, mimi machozi yananilenga.

Usiku nikapiga hesabu. Fegi kumi kwa siku ni 2,000. Kwa mwezi 60,000, wakati chumba changu ni 40,000 na mwenye nyumba hunigongea mlango kila mara. Kwa mwaka ni 730,000. Kwa kibarua cha 12,000, hizo ni zaidi ya siku 60 za kubeba zege, Baba Neema, zote tunazichoma moto. Na kifua sijakiweka kwenye hesabu. Saidia fundi akilala na kikohozi, hakuna anayemlipa siku hiyo.

Utasema fegi inakata njaa mpaka saa saba. Kweli, inakata. Lakini fegi nne za asubuhi ni chai na chapati kwa mama ntilie, na zege linabebwa na chapati.

Kuacha kulinitesa. Siku tatu za kwanza ndizo kali kuliko zote: kichwa, hasira, hadi Mama Ombeni akawa ananikwepa. Nilitafuna karanga, nikamwomba Mangi asiniandikie fegi hata nikimlilia. Alikubali, Mungu ambariki. Baada ya hapo arosto, ile hamu ya fegi, ikaanza kulegea.

Na tafadhali, usimtume Neema fegi dukani. Sheria ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na yule mtoto anakuiga kila kitu.

Ndani ya bahasha kuna kidaftari na biro. Wiki moja tu, kila fegi piga mstari, usiruke hata moja, na ya kuomba kwa mwenzako pia. Jumapili ijayo nakuja Moshi, tujumlishe pamoja, Mama Neema akiwepo.

Wako,
Baba Ombeni