Kwa vijana wa saksafoni mtakaopanda jukwaani bila kinanda

Wajukuu zangu,

Baada ya salamu. Jumamosi iliyopita nilikaa kiti cha nyuma mkifanya mazoezi, kofia nimeishusha usoni, na mmoja wenu akawanong'oneza wenzake kwamba mzee amelala. Sikulala, nilikuwa nahesabu. Mlikuwa saba, kila mmoja na kipande chake cha kupiga peke yake, na wote saba mlifanya kosa moja: kila palipoandikwa kimya, mlikipunja. Kimya cha mapigo mawili mlikipa pigo moja. Ile alama ya kusubiri, nusu duara yenye nukta katikati, mliipita kama daladala iliyojaa inavyopita kituo.

Sababu naijua. Wengi wenu mmelelewa na bendi, wengine kwaya, wengine harusi za Jumamosi. Huko ukinyamaza wewe, besi inaendelea, ngoma inaendelea, na kuna mtu anaimba. Kunyamaza kwako ni kupumzika. Ukisimama peke yako na saksafoni ya alto shingoni, ukinyamaza, ukumbi mzima umenyamaza na macho yote yako kwako. Vidole vinawasha. Noti inayofuata inaonekana kama mlango wa kutokea, basi unaukimbilia.

Lakini kimya nacho kinapigwa, na anayekipiga ni yule yule aliyepiga noti. Barua yote hii ni hilo tu, na mengine nitakayosema yanalizunguka.

Zamani, nikiwa bado na nywele nyeusi, nilipanda jukwaani kupiga zoezi moja la polepole la mtunzi Ferling. Mnayafahamu yale mazoezi 48, yameandikwa kwa obo, zumari la Kizungu, lakini sisi tumeyafanya yetu, moja la polepole na linalofuata la haraka. Ukumbi ulikuwa na madirisha ya barabarani, yote wazi kwa ajili ya joto. Nikafika kwenye alama ya kusubiri, na papo hapo akapita muuza kahawa nje, vikombe vikilia mkononi mwake. Watu wawili watatu wakageuza shingo. Nikashituka, nikaidaka noti inayofuata kabla ya wakati wake, na kuanzia hapo mwendo ukanitoroka mpaka mwisho. Mwalimu wangu hakuwa mtu wa maneno. Aliniuliza tu, "Yule wa kahawa alikukosea nini?" Nilidhani ananitania. Ilichukua miaka kuelewa kwamba aliuliza kwa dhati. Muuza kahawa hakuugusa muziki wangu. Mimi ndiye niliyeuacha nikaenda kumsikiliza.

Kwa hiyo kwenye kimya, kwanza mwili usikatike. Chombo kibaki kilipo, mdomo ubaki ulipo. Usilambe ridi, kile kipande cha mwanzi cha mdomoni, usipanguse jasho, usiangalie pembeni kama mtu anayesubiri basi. Msikilizaji anaamini mwili kuliko karatasi, na mwili ukimwambia kazi imesimama, ataanza kukohoa. Pili, hesabu kwa kuimba ndani ya kichwa, si kwa mguu. Mguu wa dansi umezoea kufunikwa na ngoma. Bila ngoma, kiatu chako kinasikika mpaka kwangu kule nyuma, nacho kinaharakisha kuliko wewe.

Sasa nizungumze na wale wawili mliochagua Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, kwa sababu hapo ndipo penye kazi. Chombo chetu ni kichanga. Adolphe Sax aliyekibuni, mzaliwa wa Dinant kule Ubelgiji, alipata hataza yake Paris mwaka 1846, na Bach alikuwa amefariki karibu miaka mia moja kabla. Darasa la saksafoni ambalo Sax mwenyewe alilifundisha katika Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, lilifungwa mwaka 1870, likafunguliwa tena mwaka 1942 mikononi mwa mpiga saksafoni Marcel Mule. Hesabuni wenyewe: miaka 72 bila darasa. Ndiyo maana vitu vya zamani vya kupiga peke yetu ni haba. Mtunzi Karg-Elert alituandikia kaprisi 25, vipande vifupi vya uchangamfu, na sonata mwaka 1929, na nyingi zilizobaki kabla ya hapo tunaazima kwa filimbi, obo na selo, ile fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa. Kuazima si aibu. Ila mwenye kuazima ajue mwenye kitu alikitumiaje.

Ile Preludi ya G ya selo ya Bach ina baa 42. (Baa za muziki, nyie, vile vipande vya mapigo kati ya mistari, msicheke.) Noti zinamiminika kuanzia ya kwanza hadi mlango wa mwisho bila kimya hata kimoja kilichoandikwa. Mpiga selo hana shida, kwani upinde hauna mapafu. Wewe unayo, tena mtaji wako wote ndio huo. Kwa hiyo kimya ambacho Bach hakukiandika ni lazima ukitie wewe, na unapokitia ndipo tutakapojua kama umeelewa. Jumamosi mlivuta pumzi kila mwisho wa baa, kama mtu anayesoma barua na kusimama kila mwisho wa mstari hata sentensi haijaisha. Jaribuni hivi: ingieni kwenye baa mpya, pigeni ile noti ya kwanza ya chini, ifikeni kabisa, kisha pumueni baada yake. Noti hiyo ndiyo inayofunga neno lililotangulia. Ukipumua kabla yake umelikata neno katikati.

Kuna jambo jingine humo. Katika baa nne za mwanzo noti ya chini ni ile ile moja, haibadiliki, huku zilizo juu yake zikihama. Ndiyo besi yenu hiyo. Hakuna kinanda, lakini kinanda kimefichwa ndani ya noti mlizonazo. Nyumbani, wekeni chombo kando muimbe noti za chini peke yake, baa kwa baa, mpaka mzikariri kama wimbo. Kisha pigeni yote huku sikio likishika ule wimbo. Msizikaze noti za chini, zikumbukeni tu. Sikio la msikilizaji litazishika lenyewe.

Na wewe mwenye bariton, saksafoni kubwa ya sauti nzito, una bahati ambayo sidhani unaijua. Bariton inayoshuka hadi A ya chini inatoa mlio ule ule wa uzi mnene kabisa wa selo. Karatasi ya selo unaweza kuisoma moja kwa moja: chukulia ufunguo wa besi kana kwamba ni ule wa juu, ongeza shapu tatu, na alama za njiani uziangalie kwa makini. Itafute.

Mwenye kipande cha Paul Bonneau, ile kaprisi ya mwaka 1950 iliyo katika umbo la valsi. Vidole vyako vina kasi na sina la kukufundisha hapo. Nilichokikosa ni valsi. Wazee wetu wa dansi walicheza valsi kwenye kumbi kabla rumba haijatawala, na hakuna aliyehitaji kuambiwa moja iko wapi. Kwako sikuijua moja iko wapi. Ipunguzie kasi mpaka shangazi yako aweze kuicheza jikoni, kisha panda taratibu.

Mwenye Noda, Improvisation I. Ryo Noda ni Mjapani, na sauti aliyokuwa akiiwaza ni ya shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya kwao. Humo hamna mistari ya baa, na vimya vimeachwa kwa kukusudia. Nilikusikia ukiiga rekodi, hata pale mpigaji alipovuta pumzi kwa kelele. Yule alipiga kwenye chumba chake. Wewe utapiga kwenye ukumbi wetu, wenye pangaboi na bajaji barabarani. Urefu wa kimya uamuliwe na ukumbi: sikiliza sauti yako ikiisha ukutani, ngoja kidogo tena, ndipo uanze. Kwenye vyumba viwili tofauti kipande hicho hakitakuwa na dakika sawa, na ndivyo kinavyotakiwa.

Nimeulizwa pia kuhusu kupuliza bila kukata, hasa na aliyeniletea karatasi za mtunzi Christian Lauba. Zoezi lile linaitwa Balafon, jina la ndugu ya marimba kutoka Afrika Magharibi, na bila mbinu hiyo halipigiki. Ninachowaomba ni msidhani imetoka Ulaya. Wapiga zumari wa pwani hii walikuwa nayo kabla saksafoni haijazaliwa: mashavu yamejaa upepo, pua inavuta wakati mashavu yanasukuma, na ngoma nzima inakwenda bila mlio kukatika. Anzeni na mrija na bilauri ya maji, mapovu yasikome. Mkiweza dakika moja, njooni tuzungumze. Ila kwenye Bach msiitumie. Nimewasikia wanaofanya hivyo, na kwa baa kumi nilistaajabu, kisha nikaanza kukosa hewa mimi niliyekaa kitini. Anayesikiliza anapumua pamoja nawe, akinyimwa nafasi anachoka.

Sasa ya ufundi, kwa haraka. Saksafoni ukiipuliza kwa nguvu, sauti hushuka, ukiipuliza kwa upole, hupanda. Mbele ya kinanda mnasahihishwa na kinanda. Peke yenu hakuna wa kuwasahihisha, lakini D ya kati iliyopanda itasikika vile vile, kwa sababu jirani zake zinaisema. Mashine ya kupimia sauti ichukueni mwanzo wa mazoezi muizime. Mazoezi mengine yote fanyeni mkishikilia noti moja ndefu ya simu au kinanda na kupiga skeli juu yake polepole.

Ridi msibadilishe siku yenyewe. Niliwahi kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, karibu mita 1,400 juu ya bahari, na ridi zilizokuwa laini kama mkate huku chini, kule juu zikawa mbao. Atakayesafiri abebe na laini zaidi. Huku kwetu adui ni unyevu, na G shapu inanata. Weka karatasi ya kusokotea sigara chini ya pedi, funga, vuta polepole. Fanya hivyo kabla ya kuitwa. Chombo kikinata katikati ya kimya, hakuna besi ya kukusitiri.

Kuhusu yule aliyechagua Sequenza ya Berio: mjukuu wangu, iache mwaka huu. Najua utanuna. Umeichagua kwa sababu ni ngumu, na watu watapiga makofi kwa ugumu wake. Chukua Syrinx ya Debussy, ya filimbi, ya mwaka 1913. Ni fupi, haina pa kujificha, ingawa mpigaji wake wa kwanza alifichwa kweli, nyuma ya jukwaa, maana ilikuwa ya mchezo wa kuigiza. Ukiweza kuwashika watu kwa dakika hizo tatu hivi, Berio hatakimbia, atakungoja.

Mwisho wa kipande, tafadhali, msishushe chombo kabla sauti haijaisha ukutani. Makofi yakichelewa, yachelewe.

Ijumaa njooni saa kumi kamili. Nimeongea na mlinzi, pangaboi litazimwa, lakini madirisha nimemwambia ayaache wazi yote, hata yale ya upande wa barabara. Mwenye Noda ataanza. Nitakaa pale pale nyuma, na safari hii nitakuja na kalamu.

Babu yenu wa kiti cha nyuma